Pikipiki ya Kikundi Ikianza Kucheza Mbele: Tafuteni Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri



Vikundi vingi siku hizi vina pikipiki. Vingine vimeinunua kwa michango ya wanachama, vingine kwa mkopo unaolipwa kila wiki. Pikipiki hiyo hupeleka maziwa, huleta mbolea kutoka sokoni, na usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, ndiyo inayomfikisha zahanati. Kwa hivyo pikipiki ikianza kucheza mbele, shida si ya mwendeshaji peke yake. Ni ya kikundi chote.

Mara nyingi mambo huenda hivi. Mwendeshaji anasema, "Hii kitu inacheza mbele." Fundi anaangalia kidogo na kujibu, "Hiyo ni koni." Mweka hazina anatoa pesa, koni zinabadilishwa. Baada ya wiki moja mlio umerudi. Sasa fundi anasema ni beringi. Pesa zinatoka tena. Halafu ni shoki. Mwishowe wanachama wanaanza kushukiana. Wengine wanasema fundi anawala, wengine wanasema mwendeshaji hajui kutunza. Na kumbe tangu mwanzo tairi lilikuwa halijakaa vizuri kwenye rimu, jambo ambalo lingetengenezwa kwa pampu na maji ya sabuni!

Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kutafuta chanzo cha kuyumba na milio ya mbele. Tutaanza na mambo yasiyo na gharama, halafu tufike kwa yale ya pesa nyingi. Kanuni ni moja tu: USINUNUE KIPURI KABLA YA KUONA KWA MACHO AU KUSIKIA KWA MKONO MAHALI PANAPOCHEZA.

SEHEMU ZA MBELE NI ZIPI?

Tukianzia chini, kuna tairi, rimu na spoki. Katikati ya gurudumu kuna habu, na ndani ya habu kuna beringi mbili. Ekseli hupita katikati ya beringi hizo. Gurudumu hushikwa na miguu miwili ambayo wengi huiita shoki za mbele. Ndani ya kila shoki kuna springi na oili. Shoki zimebanwa juu na vibano viwili, na vibano hivyo huzunguka kwenye shingo ya fremu. Hapo shingoni, juu na chini, ndipo koni zilipo pamoja na gololi zake. Mwisho kuna usukani, ambao wengi huuita hendo.

Sehemu hizi zote zimeshikana. Ndiyo maana mlio wa chini husikika juu, na mwendeshaji husikia kila shida mikononi. Hata pikipiki ya umeme haina tofauti kubwa hapa. Injini yake ni nyingine, lakini tairi, beringi, shoki na koni ni zile zile.

KWANZA, MUULIZENI MWENDESHAJI

Kabla ya kushika spana, kaeni na mwendeshaji mumuulize:

- Inacheza wakati gani? Ukienda pole pole, ukikimbia, au ukipunguza mwendo?
- Mlio unatoka ukishika breki, ukipita kwenye shimo, au wakati wote?
- Inacheza hata bila mzigo, au ni ukiwa na mzigo tu?
- Ilianza lini? Baada ya pancha? Baada ya kuanguka? Baada ya kutoka kwa fundi?

Majibu haya huokoa pesa. Ikiwa ilianza siku ile pancha ilipozibwa, angalieni tairi na ekseli kwanza. Ikiwa ilianza baada ya kuanguka, angalieni shoki na rimu. Ikiwa usukani hutetemeka unapopunguza mwendo kutoka kama kilomita 60 kwa saa kwenda 40, mara nyingi shida iko kwa tairi la mbele au kwa koni. Ikiwa mlio ni wakati wa breki na mashimo tu, kitu kimelegea.

Mwendeshaji asiogope kusema kweli. Kikundi kikimkaripia kila akileta habari mbaya, siku nyingine atanyamaza na kuendelea kubeba watu.

MNACHOHITAJI

Pampu na kipima upepo, spana, kijiti au penseli, kipande cha mpira wa kufungia, tochi, kitambaa, na gogo au kreti imara. Muwe watu wawili au watatu.

HATUA YA 1: TAIRI

Pimeni upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Kiasi kinachofaa kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia kwenye kibandiko karibu na cheni. Kwa pikipiki nyingi ndogo za kazi, tairi la mbele huhitaji karibu 25 psi. La nyuma huhitaji zaidi, hasa mkibeba mzigo. Msikubali ile ya "jaza mpaka iwe ngumu". Upepo ukiwa kidogo, usukani huwa mzito na pikipiki huyumba kama inaogelea. Ukiwa mwingi mno, kila jiwe hugonga mikono.

Kisha angalieni mstari mwembamba ulio kwenye tairi, karibu na ukingo wa rimu. Mstari huo huzunguka tairi lote, na unatakiwa kuwa umbali sawa kutoka kwa rimu kila mahali. Kama mahali pamoja umezama, tairi halijakaa. Toeni upepo, pakeni maji ya sabuni kwenye ukingo, mjaze tena mpaka tairi litokeze. Msipite kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe. Halafu mrudishe upepo kwenye kiasi chake.

Tazameni pia kama tairi lina uvimbe, nyufa, au limeisha upande mmoja. Tairi lenye uvimbe halina dawa. Ni la kutupa.

HATUA YA 2: RIMU NA SPOKI

Simamisheni pikipiki kwa stendi ya katikati, na muweke gogo au kreti chini ya injini ili gurudumu la mbele liinuke. Msiegemeze gogo kwenye bomba la moshi. Mtu mmoja ashike pikipiki wakati wote.

Fungeni kijiti kwenye shoki kwa mpira, ncha yake ikaribie rimu bila kugusa. Zungusheni gurudumu pole pole. Rimu ikikaribia kijiti na kukiacha, imepinda. Kwa pikipiki nyingi, mwisho unaoruhusiwa ni milimita 2, takribani upana wa punje ya mchele. Ikizidi hapo, inahitaji kunyooshwa au kubadilishwa.

Kisha gongeni kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia "ting!" Iliyolegea hulia "tup" kama mti mkavu. Kazeni iliyolegea robo mzunguko tu, halafu mpime rimu tena kwa kijiti. Mkikaza ovyo, mtapinda rimu nzuri, na ncha ya spoki inaweza kutokeza ndani na kutoboa tyubu. Kama spoki nyingi zimelegea au zimekatika, mpelekeeni fundi anayejua kazi ya spoki. Ikiwa rimu yenu ni ile isiyo na spoki, tafuteni nyufa na mahali palipobonyea.

HATUA YA 3: EKSELI NA BERINGI

Hakikisheni kwanza kwamba nati ya ekseli imekaza. Huwa inasahaulika baada ya pancha, na nati iliyolegea huleta kuyumba kubwa.

Gurudumu likiwa bado juu, mtu mmoja ashike usukani usitikisike. Mwingine ashike tairi juu na chini, alisukume na kulivuta. Halafu ashike kushoto na kulia, afanye vile vile. Likicheza "kok, kok" pale habuni huku shoki zimetulia, beringi zimekwisha. Lakini ikiwa shoki zinasogea pamoja na gurudumu, beringi hazina kosa. Shida iko juu zaidi, kwa hivyo endeleeni na hatua zinazofuata.

Sasa wekeni kiganja kwenye shoki, mzungushe gurudumu kwa nguvu. Beringi nzuri hamtaisikia. Mbovu utaisikia mkononi ikikwaruza kama inasaga mchanga.

Beringi zikiwa mbovu, badilisheni zote mbili pamoja. Nambari yake imeandikwa ubavuni, kwa hivyo nendeni dukani na ile ya zamani mkononi. Mwambieni fundi agonge pete ya nje wakati wa kuziingiza kwenye habu. Akigonga ya ndani, ataziua kabla hazijatembea.

Na hapa kuna siri ambayo imemaliza pesa za wengi. Ndani ya habu, kati ya beringi mbili, kuna bomba fupi. Kazi yake ni kuzuia beringi zisifinywe nati ya ekseli inapokazwa. Fundi mzembe akilisahau au akiliweka lililokatwa fupi, beringi mpya zitafinyika na kufa upesi. Ikiwa beringi zenu hufa kila mara, ulizeni, "Bomba la kati liko wapi?"

HATUA YA 4: BREKI

Ikiwa pikipiki yenu ina breki ya drumu mbele, tazameni kifuniko kinachobeba viatu vya breki. Kina mfereji, na shoki ina ulimi. Ulimi lazima uingie ndani ya mfereji.

TAHADHARI: Kama gurudumu lilirudishwa bila ulimi kuingia kwenye mfereji, siku mwendeshaji atakaposhika breki kwa nguvu kifuniko kitazunguka, waya utakatika au gurudumu litakwama ghafla. Hiyo ni ajali kubwa. Angalieni jambo hili kila gurudumu likitolewa, hata kwa pancha ndogo.

Kama usukani hupiga piga mikononi wakati wa breki peke yake, drumu huenda haiko mviringo tena. Kwa breki ya diski, diski huenda imepinda. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma unamaanisha viatu au pedi zimeisha. Sauti nyembamba kama ya ndege, inayofuata mzunguko wa gurudumu, mara nyingi hutoka kwenye gia ndogo ya waya wa spidi iliyo habuni. Grisi kidogo tu inatosha. Lakini grisi isiguse viatu vya breki wala diski!

HATUA YA 5: SHOKI ZA MBELE

Shusheni pikipiki chini. Shikeni breki ya mbele, mkandamize usukani chini kwa nguvu, halafu mwachilie. Shoki nzuri hushuka laini na kurudi mara moja. Ikiruka ruka kama kitanda cha springi, oili imepungua au imechoka. Ikigonga "ko!" inaposhuka au kupanda, ndani kuna kilichoisha.

Pangusa bomba la kung'aa la shoki kwa kitambaa safi, ukandamize tena mara kadhaa. Likibaki na mafuta, sili imekatika. Msingoje, kwa maana oili hiyo hutiririka hadi kwenye breki. Sili hubadilishwa na oili huwekwa upya, kiasi sawa kila upande, ya aina iliyotajwa kwenye kitabu. Oili iliyotolewa kwenye injini haifai.

Kama pikipiki ilianguka, simameni mbele yake mtazame. Gurudumu likiwa limenyooka huku usukani umeangalia kando, huenda shoki zimejipinda tu ndani ya vibano. Legezeni bolti za vibano vya chini na ekseli, mnyooshe, mkaze tena. Hiyo haina gharama. Lakini bomba la shoki lenyewe likiwa limepinda, badilisheni. Lililonyooshwa kwa nyundo msiliamini na maisha ya mtu.

HATUA YA 6: KONI

Sasa ndiyo tumefika kwenye koni, ambazo wengi huanzia hapo.

Inueni gurudumu la mbele tena. Shikeni ncha za chini za shoki zote mbili, mzivute mbele na kuzisukuma nyuma. Mwenzako aweke kidole mahali kibano cha chini kinapokutana na shingo ya fremu. Kidole kikisikia kusogea, koni zimelegea. Koni zilizolegea hulia "kok!" kila ukishika breki au ukipita shimo.

Kisha geuzeni usukani pole pole kutoka kushoto hadi kulia. Unatakiwa uende laini, bila kukwama. Ukifika katikati ukakwama kidogo kama umeingia kwenye kishimo, gololi zimechimba koni. Hapo kukaza hakusaidii. Mkikaza, usukani utapenda kukaa katikati na pikipiki itakwenda ikiyumba huku na huku. Badilisheni koni zote, za juu na za chini, vikombe vyake na gololi zake, na mpake grisi mpya. Hesabuni gololi zilizotoka ili zirudi idadi ile ile kila upande.

Kama usukani ni laini lakini umelegea, kaza tu. Legeza nati kubwa ya juu, kaza pete iliyo chini yake kidogo kidogo hadi kucheza kuishe, halafu funga nati ya juu na upime tena, kwa sababu nati hiyo ikifungwa hubadilisha mkazo. Ukiwa sawa, usukani ukisukumwa kidogo kwa kidole huanguka wenyewe upande mmoja. Ukibaki pale pale, umekaza mno. Koni zilizokazwa mno ni hatari kama zilizolegea.

HATUA YA 7: NYUMA, NA MZIGO

Mbele pakiwa sawa na bado inayumba, nendeni nyuma. Shikeni gurudumu la nyuma, mlisukume kushoto na kulia. Likicheza pamoja na mkono mrefu unaolishika, bushi za mkono huo zimeisha. Angalieni pia alama za vikaza cheni. Upande wa kushoto na wa kulia ziwe sawa, la sivyo gurudumu limekaa mshazari.

Na mzigo je? Magunia yakifungwa nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi, na gurudumu jepesi halishiki barabara. Pikipiki nzima kabisa itayumba. Wekeni mzigo chini na karibu na mwendeshaji, ufungwe usicheze. Sheria ya trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu. Wawili au watatu si suala la polisi pekee. Uzito wao wa nyuma ndio unaoinua gurudumu la mbele.

SAUTI NA MAHALI PA KUANZIA

- "Kok!" moja ukishika breki: koni, halafu beringi.
- "Ko! ko!" kwenye mashimo tu: shoki, au koni zilizolegea.
- Kusaga saga kunakoongezeka na mwendo: beringi.
- Chuma kwa chuma ukishika breki: viatu au pedi zimeisha.
- Kulia kama ndege: gia ya waya wa spidi.
- Kugonga kwa bati: madigadi, taa au kipande cha namba. Kazeni bolti kabla ya kumtafuta fundi.

IKIANZA KUYUMBA BARABARANI

Mwendeshaji asishike breki ya mbele ghafla. Ashike usukani imara bila kukakamaa mikono, aegemee mbele kidogo, apunguze mafuta polepole, na aache pikipiki ipoteze mwendo yenyewe mpaka asimame pembeni. Wala asijaribu kuachilia mikono yote ili aone inavyocheza. Majaribio ya namna hiyo yameua watu.

PIKIPIKI ISITOKE KABISA IKIWA:

1. Gurudumu la mbele linacheza kwenye habu.
2. Usukani unakwama au una kucheza kunakosikika.
3. Oili ya shoki imefika kwenye breki.
4. Tairi lina uvimbe, au rimu ina ufa.
5. Ulimi wa shoki hauko ndani ya mfereji wa kifuniko cha breki.

Najua ni vigumu kuiacha nyumbani siku ya soko, na malipo ya mkopo yanangoja. Lakini fanyeni hesabu. Tuseme pikipiki huletea kikundi shilingi 400 kwa siku. Siku mbili za matengenezo ni shilingi 800. Je, mguu wa mwanachama aliyeanguka ni shilingi ngapi? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MUWE NA DAFTARI LA PIKIPIKI

Andikeni tarehe, kilomita, shida iliyosikika, hatua mliyoipata, kilichofanywa na gharama yake. Kipuri cha zamani kirudi kwa kikundi kionekane na wote. Mkienda kwa fundi, msimwambie "tengeneza mbele." Mwambieni, "Tumepima. Gurudumu halichezi habuni, lakini usukani unakwama katikati." Fundi mwaminifu atafurahi kwa sababu mmemrahisishia kazi. Asiye mwaminifu ataona kwamba hawa watu wanajua wanachosema. Na mwendeshaji na mweka hazina hawatakuwa na sababu ya kugombana, maana kila kitu kimeandikwa.

Fanyeni ukaguzi huu wa hatua saba mara moja kwa mwezi, na kila mara pikipiki ikianguka au gurudumu likitolewa. Upepo wa tairi upimwe kila wiki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa mwaka uliopita tumenunua vipuri gani vya mbele? Ni vipi kati ya hivyo vilinunuliwa bila kupima?
2. Nani ana ruhusa ya kusema "leo pikipiki haitoki"? Je, mwendeshaji anaweza kusema hivyo bila kukatwa malipo?
3. Ni wanachama wawili gani, mbali na mwendeshaji, watakaojifunza ukaguzi huu?
4. Tuna kipima upepo chetu wenyewe? Kama hatuna, tutakinunua lini?

Kwenye mkutano ujao, leteni pikipiki yenyewe chini ya mti. Someni hatua moja moja kwa sauti, na kila mwanachama aguse na kujaribu kwa mkono wake.